Taharuki: Anayejua Ndiye Asiyetulia

"Taharuki yatanda." Msomaji wa magazeti ya Kiswahili amekutana na kichwa cha habari cha namna hii mara nyingi mno. Moto umezuka sokoni, simba ameonekana karibu na makazi, au uvumi umeenea mtaani, na wananchi wameingiwa na taharuki. Polisi nao huwaonya watu wasizue taharuki. Mwanafunzi wa sekondari analijua neno hilohilo kwa sura nyingine. Kwake taharuki ni mbinu ya fasihi, iko kwenye orodha moja na sadfa, kinaya na kisengere nyuma, na maana yake ni hamu anayoachiwa msomaji ya kutaka kujua kitakachofuata.

Gazeti linasema juu ya watu wasiotulia, darasa linasema juu ya watu wenye hamu. Hayo ni mambo mawili, na makala hii inayapima kwa filamu za mauaji, hasa zile zilizopigwa kwa ustadi mkubwa wa picha na zinazotuingiza ndani ya akili ya muuaji. Ni vigumu kupata kazi za sanaa zinazoitegemea taharuki kuliko hizo. Ninakoelekea nakusema mapema: gazeti liko karibu zaidi na ukweli. Na ambaye hajaiona Psycho ya Alfred Hitchcock, Peeping Tom ya Michael Powell au Profondo rosso ya Dario Argento ajue kwamba siri za filamu hizo zinatobolewa humu. Anayechelea kuharibiwa uhondo aanze kwa kuzitazama.

Neno lilikotoka

Taharuki ni ya ukoo mmoja na haraka na harakati. Kwa Kiarabu taharraka ni kusogea, kuondoka mahali ulipokuwa umetulia. Kiswahili kililichukua tendo hilo la mwili kikalitia moyoni. Aliyetaharuki huenda hajanyanyua hata mguu, lakini ndani mwake hakuna kilichobaki mahali pake.

Wahakiki wetu walipohitaji neno la kusimama badala ya suspense ya Waingereza, hili ndilo lililoshika. La Kiingereza limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kutundika: anayepatwa na hali hiyo ananing'inia hewani. Waarabu wa leo hawatumii mzizi wa taharuki kwa dhana hii. Wao husema tashwiq, yaani kutia shauku. Hapo pana jambo la kutazamwa. Shauku tulikuwa nayo, imejaa katika mashairi yetu na hakuna asiyeielewa. Tungeiita mbinu hii utiaji shauku, asingepatikana wa kulalamika. Tukaiacha, tukachagua neno la kutikisika. Kisha tulipokaa kuandika fasili ya darasani, tukaandika kana kwamba tulichagua shauku.

"Hatujui iwapo"

Mwanafunzi wa Kenya akiulizwa aonyeshe taharuki katika riwaya au tamthilia, amezoea kuanza jibu kwa neno "hatujui". Hatujui iwapo fulani alipona. Hatujui kama harusi ilifanyika. Anapata alama zake. Kwa mtindo huo taharuki imekuwa jina la pengo lolote la habari, hata lile lisilomkosesha mtu usingizi. Mwandishi akisahau kutuambia mbuzi wa jirani aliishia wapi, nalo litahesabiwa.

Hitchcock, Mwingereza aliyefanya kazi zake nyingi kubwa Marekani, alilieleza jambo hili kinyume kabisa. Mwaka 1962 alifanya mazungumzo marefu na mkurugenzi Mfaransa François Truffaut, yakatoka kama kitabu mwaka 1966. Humo mna mfano wake maarufu wa bomu chini ya meza. Watu wamekaa wanaongea mambo ya kawaida, mara bomu linalipuka. Watazamaji wameshtuka kwa sekunde 15, basi. Sasa lirudie tukio hilo, ila safari hii watazamaji wamemwona mtu akilitega bomu, wanajua litalipuka saa saba kamili, na saa ya ukutani inasema saa saba kasorobo. Maongezi yaleyale ya kupitisha wakati yanageuka mateso. Mtazamaji anataka kupaza sauti: acheni upuuzi, inukeni! Hapo amepewa dakika 15 za taharuki.

Tofauti ya matukio hayo mawili ni habari iliyoongezwa. Katika la kwanza mtazamaji hajui kitu, na kwa kuwa hajui hana hata hamu. Katika la pili amejazwa habari, na pengo moja tu limebaki: je, watainuka kabla ya saa saba? Shaka hiyo ipo, lakini imezaliwa na ujuzi. Anayejibu mtihani kwa "hatujui" anaishika taharuki kwa mkia.

Bahasha ya dola 40,000

Psycho ilianza kuonyeshwa New York Juni 1960, kwa picha nyeusi na nyeupe, ikitokana na riwaya ya Robert Bloch iliyotoka mwaka uliotangulia. Marion Crane, anayeigizwa na Janet Leigh, ni karani katika ofisi ya uuzaji wa nyumba huko Phoenix, Arizona. Anakabidhiwa dola 40,000 azipeleke benki. Hazifiki. Marion anafungasha nguo zake na kuondoka mjini na gari.

Asubuhi yake anaamshwa na askari wa barabara kuu, akiwa amelala ndani ya gari kando ya njia. Askari amevaa miwani myeusi, uso wake umejaa kwenye picha nzima, macho hatuyaoni. Hana habari ya wizi wowote. Anachokiona ni mwanamke mwenye wasiwasi usio na sababu, basi anaomba leseni. Leseni imo mkobani, na bahasha ya pesa imo humohumo. Marion anaichomoa bahasha, anaiweka upande asioweza kuona askari, anatafuta leseni. Hakuna kisu, hakuna bunduki, hakuna hata neno la ukali. Watazamaji wanabana pumzi kwa ajili ya mkono unaopekua mkoba, kwa kuwa wao na Marion wanajua na askari hajui.

Hamu ya kujua kitakachofuata ipo, lakini ni sehemu ndogo ya kinachotokea. Tumeshaanza kumwombea mwizi. Baadaye Marion anapobadilisha gari kwa muuzaji wa magari yaliyotumika na askari yuleyule akaegesha ng'ambo ya barabara kumtazama, tunataka karatasi zisainiwe upesi.

Stelingi hafi

Katika kibanda umiza, pale watu wanapobanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni moja, kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: stelingi hafi. Atapigwa, atatekwa, atatupwa mtoni, lakini mwisho atamaliza maadui wote. Sheria hiyo ndiyo inayompa mtazamaji moyo wa kuvumilia. Wamarekani wa 1960 waliifuata vilevile, na mwigizaji mwenye jina kubwa zaidi katika Psycho alikuwa Janet Leigh. Hitchcock anamuua akioga katika hoteli ya njiani, kabla filamu haijafika nusu.

Tukio la bafuni lenyewe halifiki dakika moja, lakini lilichukua wiki nzima kupigwa. Kamera iliwekwa kwenye mikao 78, na vipande vilivyounganishwa ni 52. Damu ni chokoleti ya maji, maana katika picha nyeusi na nyeupe rangi yake ilitosha. Mlio wa kisu kikiingia mwilini ulipatikana kwa kuchoma tikiti. Muziki wa Bernard Herrmann, ulioandikwa kwa ala za nyuzi peke yake, unapiga kelele kama ndege. Hitchcock mwanzoni alitaka tukio hilo lisiwe na muziki, akaghairi alipousikia.

Wengi hulitaja tukio hili kama kilele cha taharuki katika sinema, na kwa sehemu kubwa wanakosea jina. Ni mshtuko. Mtazamaji hakuonywa, hakuandaliwa, na sheria yake ya stelingi imevunjwa machoni pake. Taharuki iliyomo ni ya sekunde chache zinazotangulia: Marion ameupa mlango mgongo, maji yanamwagika, na nyuma ya pazia la plastiki tunaona mlango ukifunguka na kivuli kikisogea. Yeye haoni. Kisha pazia linavutwa, na taharuki inakabidhi kazi kwa mshtuko.

Hitchcock alijua thamani ya mshtuko huo. Siku zile Wamarekani walizoea kuingia sinema wakati wowote, hata filamu ikiwa katikati. Kwa Psycho aliagiza kwamba ikishaanza mtu asiruhusiwe kuingia, na mabango yakabandikwa milangoni. Sababu yake ni nyepesi. Anayechelewa atakaa akimsubiri Janet Leigh atokee, kumbe Janet Leigh ameshakufa. Wahakiki pia hawakupewa maonyesho yao ya faragha, wakapanga foleni na watu wote. Watu walipiga mayowe, wakaogopa kuoga, wakarudi na jamaa zao wawaone wakipiga mayowe.

Gari linalogoma kuzama

Baada ya mauaji filamu inapunguza mwendo. Norman Bates, kijana mwenye haya anayeiendesha hoteli ile ya njiani, anayeigizwa na Anthony Perkins, anakuta maiti na kuanza usafi. Kwa dakika kadhaa hakuna anayesema neno. Anafunga mwili ndani ya pazia, anapangusa vigae, anasuuza mikono na damu inachirizika kwenye sinki, anaweka kila kitu kwenye buti la gari. Gazeti ambalo Marion alizifungia zile pesa analitupa humo pia bila kujua lina nini. Gari analisukuma kwenye kinamasi, anasimama kulitazama huku akitafuna.

Gari linazama, linazama, linasimama. Paa bado liko juu. Norman anaacha kutafuna, anageuza shingo huku na huku. Kisha gari linaendelea, matope yanajifunga juu yake, na ukumbini watu wanashusha pumzi.

Wanashusha pumzi kwa sababu gani? Mwanamke waliyekuwa naye tangu mwanzo yumo ndani ya buti lile. Mwanafunzi ataandika "hatujui iwapo gari litazama", na hajadanganya. Lakini kilichotokea ni kikubwa kuliko hicho. Filamu imetubeba kutoka upande wa Marion ikatuweka upande wa anayefuta damu yake, bila kutuomba ruhusa, kwa sekunde chache za gari lililokwama. Hapa ndipo neno letu linapolipa. Taharuki ni ya mzizi wa kusogea, na mtazamaji amesogezwa. Fasili inayotaja hamu peke yake haiwezi kueleza kwa nini mtu mwema amefurahi ushahidi wa mauaji ukipotea.

Kujua kusikokuwa kweli

Sehemu ya pili ya Psycho ndiyo yenye taharuki ya muda mrefu. Mpelelezi Arbogast anapoingia nyumba kubwa iliyo juu ya hoteli, tunajua kwamba mama yake Norman, aliyeonekana kumuua Marion, yuko ghorofani na ana kisu. Arbogast amevua kofia kwa adabu, anapanda ngazi polepole. Mlango wa juu unafunguka kidogo, mstari wa mwanga unaanguka kwenye zulia. Kila ngazi ni dakika ya lile bomu. Baadaye Lila, dada yake Marion, anaingia nyumba hiyohiyo na kushuka chumba cha chini, nasi tuna orodha ndefu ya sababu za kumwambia arudi.

Ila habari tuliyonayo ni ya uongo. Mama alikufa miaka mingi nyuma, na anayeua ni Norman aliyevaa nguo zake. Kwa hiyo taharuki haidai kwamba mtazamaji ajue kweli. Inadai kwamba aamini. Na imani hiyo ilimziba macho, maana aliyeshughulika kumwogopa mama hakupata nafasi ya kuuliza mama ni nani. Hitchcock ameficha fumbo chini ya taharuki.

Fumbo ni jambo jingine, na Waswahili tunalijua vizuri. Mwaka huohuo wa 1960 ilichapishwa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, riwaya ya kwanza ya Bwana Msa. Ndani yake msomaji anakuwa nyuma ya mpelelezi. Bwana Msa anavuta kiko chake na kuunganisha vitu ambavyo sisi na rafiki yake Najum tumeviona tusivielewe. Ladha yake ni ya akili: nani alifanya, na kwa njia gani? Hiyo ndiyo hamu ya kujua, na ndiyo ambayo fasili ya darasani inaielezea kwa ufasaha. Tatizo ni kwamba imeipa jina la jirani yake.

Muuaji anayejulikana tangu mwanzo

Anayetaka kuiona taharuki isiyo na fumbo hata chembe atazame Peeping Tom, iliyotoka Uingereza miezi michache kabla ya Psycho. Mark Lewis ni fundi msaidizi wa kamera huko London. Tunamjua kuwa muuaji tangu mwanzo, kwa kuwa mauaji ya kwanza tunayaona kupitia kamera yake mwenyewe. Mguu mmoja wa stendi ya kamera hiyo una kisu. Katika tukio moja mwigizaji Vivian anabaki naye ndani ya studio tupu baada ya kazi, anawasha muziki na kucheza dansi, akifurahi kwamba kuna mtu atakayempiga picha. Mark anaandaa vifaa vyake kwa utulivu wa fundi. Taa, alama ya mahali pa kusimama, kamera. Vivian anaona nafasi ya kazi, sisi tunaona mauti yakipangwa hatua kwa hatua, na rangi za filamu ile ni nzuri kiasi cha kuudhi.

Wahakiki wa Uingereza waliishambulia kwa hasira, na kazi ya Powell nchini mwake iliharibika. Filamu ilikuja kupata heshima mwishoni mwa miaka ya 1970, ikisaidiwa na juhudi za mkurugenzi Martin Scorsese. Kwa nini ya Hitchcock ilipangiwa foleni na ya Powell ikatemwa? Kwa maoni yangu, Psycho inampa mtazamaji kisingizio: alimwonea huruma Norman kwa kuwa hakujua ni nani. Peeping Tom haitoi kisingizio. Umejua, na umeendelea kutazama.

Waitalia nao walikuwa na njia yao. Filamu zao za mauaji huitwa giallo, yaani njano, kwa sababu ya majalada ya riwaya za uhalifu zilizotolewa na kampuni ya Mondadori kuanzia 1929. Katika Profondo rosso ya 1975 Argento anafanya mchezo wa kijasiri. Shujaa wake anapita kwenye ukumbi mwembamba uliojaa michoro, na uso wa muuaji umo kwenye kioo kati ya michoro hiyo. Tumeuonyeshwa mapema kabisa. Hatukuutambua. Habari ilikuwa mbele ya macho, lakini kwa kuwa haikugeuka kuwa ujuzi, haikutupa taharuki. Ilitupa fumbo, na mwishoni mshtuko.

Aliyekwisha kuona

Mtihani mkali wa fasili yoyote ni mtu anayeitazama Psycho kwa mara ya tano. Anajua Arbogast atafikia ngazi gani na kisu kitatokea mlango upi. Kama taharuki ni hamu ya kujua kitakachotokea, huyu hapaswi kuwa nayo. Lakini mkono wake uko kwenye mto wa kochi, umeufinya. Wanafalsafa wa sanaa, miongoni mwao Mmarekani Noël Carroll, wamekiandikia sana kitendawili hiki. Mwaka 2011 wanasaikolojia Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa California walichapisha utafiti kuhusu hadithi fupi, wakakuta wasomaji waliotobolewa siri mapema kwa wastani walifurahia zaidi ya ambao hawakuambiwa kitu.

Mashabiki wa filamu zinazofasiriwa hawatashangaa. Msimuliaji aliyejipatia jina vibandani, awe Lufufu wa Dar es Salaam au DJ Afro wa Nairobi, hakubakia kutafsiri maneno peke yake. Msimuliaji wa aina hii huchombeza na kuonya: mwangalieni huyu bwana anavyocheka, hajui kinachomngoja nje. Kwa anayeshikilia fasili ya darasani, hapo uhondo umeharibika. Ukumbini kelele zinaongezeka. Msimuliaji amelionyesha bomu lililo chini ya meza.

Jina na mipaka yake

Basi tuyatenge maneno. Fumbo ni pale mhusika anapojua na sisi hatujui. Mshtuko ni pale jambo linapotufika sote bila onyo. Taharuki ni pale tunapoiona hatari, au tunapoamini tunaiona, na hatuwezi kufanya lolote. Msisimko ni jina pana la mchemko wote huo wa damu, ndiyo maana "filamu ya kusisimua" inafaa kwa thriller ya Kiingereza kwa ujumla wake. Kwa zile ambazo uwanja wa hatari ni akili ya mtu, "filamu ya taharuki ya kisaikolojia" ni jina refu, lakini linabeba mzigo wake.

Fasili ninayoipendekeza ni hii: taharuki ni hali ya kutotulia inayompata msomaji au mtazamaji anayeona hatari ikimkaribia mhusika anayemjali, huku hana uwezo wa kuizuia. Haikutaja kujua wala kutojua mwisho, kwa hiyo inamhesabu pia anayetazama mara ya tano. Imetaja kujali, kwa hiyo mbuzi wa jirani ameondoka kwenye orodha. Imetaja kutokuwa na uwezo, ambako ndiko kunakomfanya mtu mzima aifokee televisheni.

Fasili hiyo inakubaliana pia na gazeti, maana watu wa mtaa ulioingiliwa na simba hawana hamu ya kujua kitakachofuata, wana hofu na miguu isiyotulia. Na mwalimu anaweza kuitumia kesho asubuhi. Mwanafunzi aliyezoea kuandika "hatujui iwapo" aandike sentensi yenye pande mbili: tunajua hivi, mhusika hajui, au anajua na hana pa kukimbilia. Akishindwa kuujaza upande wa kwanza, alichokiona si taharuki, atafute jina lake katika mafumbo.